Anwani Moja ya Mtaa Mzima

Jumatatu, 6 Novemba

Ombi langu bado limelala. Fofofo!

Nimemuuliza Mama Urabe wa achari kama ubao umeshapita kwake. Anasema ulipita tangu maua ya mcheri, akagonga muhuri, akampa jirani. Jirani naye kagonga, kampa jirani. Kila mtu kagonga, kila mtu kampa jirani, na ubao haupo. Miujiza hiyo.

Ubao wenyewe si kitu. Kipande cha mbao, kibanio, karatasi juu. Unatoka kwa mwenyekiti wa chama cha wenye maduka, unapita duka hadi duka, kila mwenye duka anagonga muhuri wake, unarudi kwa mwenyekiti, naye anafunga kwa muhuri wake mkubwa. Hapo jambo limepita. Lakini hapa Hanazome, mtaa wetu wa maduka, hakuna anayesema hapana. Hapana wanasema watu wa Tokyo, wasio na adabu. Mtu wa Osaka asipotaka jambo, anaukalia ubao. Basi! Anauweka nyuma ya gunia la mchele, halafu anakuuliza kwa tabasamu mama yako anaendeleaje na goti.

Ninachoomba ni duka la miavuli, lile lililofungwa, linalopakana na duka la mwani la mwenyekiti. Nimechoka kuuza kompyuta za mitumba na vyungu vya umeme juu ya meza ya kukunja kwenye mdomo wa mtaa, pale paa la mtaa linapoishia na upepo unapoanzia. Mwenye jengo ni Bi Kitabatake. Leo kaniambia, Toku, mimi nakupenda, lakini watu wa kampuni ya dawa wamekuja tena, na safari hii wamekuja na keki. Atanisubiri hadi mwisho wa mwaka. Chama kisipoidhinisha, anawapa wao.

Mke wangu Sanae kanikamata mikono, kaigeuza. "Imepasuka kama samaki mkavu. Tafuta ukuta, wewe."

Natafuta, mama. Ukuta umekaliwa.

Alhamisi, 9 Novemba

Nimepata dawa! Nimeiokota kwenye gazeti la kompyuta lililofungia kibodi chakavu.

Ni programu. Unatengeneza anwani moja ya barua pepe. Unaandikisha watu. Barua yoyote ikiingia kwenye anwani hiyo, inatoka kwa wote kwa mpigo. Kwa mpigo! Haipiti kwa jirani. Huwezi kuificha nyuma ya gunia. Ukaikalie, uikalie vipi?

Na seva ya barua pepe tunayo tayari. Iko chumba cha mikutano cha chama, chini ya lile pipa la bahati nasibu. Kila duka lina anwani yake ya kupokelea oda. Kwa hiyo sinunui kitu. Naipandisha programu juu ya seva ya watu, kama mtu anayelala sebuleni kwa shemeji.

Tatizo ni mlinzi. Ogita, fundi saa. Hiyo seva anaipenda kuliko mkewe, na mkewe anasema ni kweli.

Mama Urabe nimemweleza. Amesikiliza huku anakamua figili, kisha kauliza kitu kimoja tu: barua yake nayo haitakalika? Mwenyewe kagombea uenyekiti mara nyingi. Kila mara ubao unapotea. Nimemwambia haitakalika. Kanipa achari mfuko mzima, bure. Mama Urabe! Bure!

Jumamosi, 11 Novemba

Nimemkamata mwenyekiti kwenye bafu la mtaa. Ndiyo mahali pa kumkamata, maana hana pa kukimbilia. Mzee Hatsushiba alikuwa kwenye maji ya moto hadi shingoni, kitaulo kichwani, macho yamefumbwa kama mungu wa biashara.

Nimeanza kumwaga maneno. Anwani moja, mtaa mzima, hakuna ubao tena kulowa mvua. Kanisikiliza hadi mwisho.

"Toku, sauti yako nzuri sana," kasema. "Inafika mbali."

"Asante, Mwenyekiti."

"Mno."

Nimefurahi. Si kila mtu anasifiwa na mwenyekiti.

Halafu: "Hilo la anwani, nitalifikiria."

Nimezama. *Nitalifikiria* — hapa mtu akikuambia hivyo, chukua viatu vyako. Ni hapana iliyovaa kimono. Sijawahi kusikia mtu aliyefikiria kitu akarudi na jibu.

Basi nikasema tu, kama najisemea, huku napaka sabuni: lakini wale wa mtaa wa ng'ambo ya reli wao wanayo tayari.

Maji yamechemka. Mzee kasimama wima, uchi, kitaulo kimedondoka. "Wale wauza soksi? Wanayo? Unaanza lini?"

Wa ng'ambo ya reli hawana kitu. Hata seva hawana. Mungu anisamehe, nilikuwa na sabuni machoni.

Jumanne, 14 Novemba

Ogita kanipokea kama daktari anavyompokea mtu aliyekuja kumpasua mgonjwa wake kwa kisu cha jikoni.

"Kaka Toku. Barua zinazoingia, mlango wake ni huu. Programu yako itakaa pembeni. Itapewa barua za anwani moja tu, ile ya wote. Nyingine zote hazikuhusu. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Rudia."

Nimerudia kama mtoto wa darasa la pili. Anwani ya wote iende kwa programu. Nyingine zisiguswe. Kanipa funguo, akakaa nyuma yangu kwenye kiti, mikono imekunjwa. Nikitikisa kidole anakohoa.

Maelekezo ni kurasa na kurasa. Mimi shule niliiacha na sare yangu bado mpya, lakini maelekezo ni kama mapishi: usielewe, fuata.

Ijumaa, 17 Novemba

Ogita leo aliitwa na mteja, saa ya ukutani imekataa kupiga. Nimebaki peke yangu na seva. Kuna mstari mmoja niliruka. Mdogo tu.

Kumbe ule mstari ndio unaosema "anwani hii tu". Bila huo, programu ikadhani barua zote za Hanazome ni za wote. Zote! Bibi mmoja wa Sakai kaagiza achari ya biringanya kwa Mama Urabe. Oda imefika kila duka. Na watu wa hapa, wakiona mteja kaandika, watamwacha hivihivi? Aibu! Mwuza nyama kamjibu: samahani sana mama, biringanya hatuna, ila nyama ya mwisho wa mwaka imeingia. Mwuza magodoro kamjibu. Mwuza tambi kamjibu. Mwuza mabuda, yale makabati ya kuombea mababu waliokufa, kamjibu, kwa heshima zote, akaulizia umri wake.

Ogita karudi akaona. Kavua miwani, kaifuta, kaivaa, kaivua tena.

Nimerudisha ule mstari. Sasa inachukua za wote tu.

Jioni bibi wa Sakai kapiga simu kwa Mama Urabe. Nikajua nimekwisha. Kumbe anashukuru — hajapata kujaliwa hivyo tangu mumewe afe. Biringanya kachukua, na godoro kachukua. Mwuza magodoro kaniletea maandazi ya pweza ya moto, kanong'ona, kaka, huwezi kuirudisha ikawa kama ile ya mchana?

Jumatatu, 20 Novemba

Kikao. Nilidhani tutazungumzia tarehe ya kuanza. Wapi! Kikao kizima kimeliwa na swali moja: nani barua imfikie kwanza.

Nimesema inafika kwa wote kwa mpigo. Watu wameangalia chai. Hatimaye mwuza samaki kasema taratibu: yaani mimi niisome wakati mmoja na Mwenyekiti? Kasema kama mtu aliyeambiwa aoge na mama mkwe.

Mzee Hatsushiba kaegemea fimbo yake. "Mimi sijali," kasema. Chumba kizima kikaelewa kwamba anajali hadi kwenye mifupa.

Tumekubaliana majina yapangwe kwa umri wa duka. Programu yenyewe haijui duka wala umri, inatuma inavyotaka. Lakini nimeyaandika majina hivyo kwenye ukurasa, mwani juu, mimi hata simo kwa kuwa meza ya kukunja si duka, na watu wametulia. Kasoro Ogita. Ogita anajua. Kanitazama, nikamkonyeza. Kageuka kuangalia saa.

Ijumaa, 1 Desemba

Leo imeanza! Saa nne asubuhi mwenyekiti kaandika barua ya kwanza kwa kidole kimoja, mimi nimeshika kiti. "Bahati nasibu ya mwisho wa mwaka itaanza kama kawaida. Tushirikiane." Kabonyeza. Mtaa mzima umelia *ting* kutoka mwanzo hadi mwisho. Ngozi imenisisimka.

Baadaye.

Jamani. Sikufikiria muhuri.

Ubao ukifika unagonga muhuri, maana yake nimeona. Sasa barua pepe huigongi muhuri. Kwa hiyo kila mtu kaandika "Nimeona, asante kwa kazi nzito." Na kwa kuwa jibu linarudi kwenye anwani ileile, "Nimeona" ya kila mtu imekwenda kwa kila mtu. Basi ungekuwa mwisho. Lakini mtu akikuandikia asante kwa kazi nzito, utamnyamazia? Mwuza tambi kamjibu mwuza samaki: nimeona kwamba umeona, asante. Mwuza samaki karudisha: hapana, asante ni kwako. Wameinamiana hivyo wote, kama wageni mlangoni, hakuna anayetaka kutangulia kutoka.

Saa nane seva imeanza kuhema. Saa tisa imekaa chini. Nyuma ya hizo "Nimeona" zimekwama oda za mwani za zawadi za mwisho wa mwaka. Za mwenyekiti! Msimu wenyewe ndio huu!

Mkwe wa mwenyekiti kaja mbio na aproni. "Toku! Simu zinaita, watu wanauliza mwani wao, mimi naona asante tu! Nikawafungashie asante?"

Ogita kaja polepole. Huyu mtu nimemjua miaka sijawahi kumwona anafurahi. Ana meno mazuri.

Jumamosi, 2 Desemba

Tumesafisha foleni, mimi na Ogita, bega kwa bega. Oda zimetoka. Mwenyekiti hakunigombeza. Kaniambia tu, Toku, jana mtaa ulichangamka kweli. Afadhali angenipiga na fimbo.

Nimebadilisha sehemu moja: mtu akijibu, jibu lisiende kwa wote, liende kwenye anwani ya mwenyekiti peke yake. Ndivyo ubao ulivyokuwa. Mihuri inarudi kwake. Wainamie yeye tu, seva ipumue. Ogita kakagua, kagwaya kunisifu, kakohoa mara moja. Nahesabu hiyo ni sifa.

Jumatatu, 11 Desemba

Wiki nzima safi. Tangazo la taa za mtaa, limepita. Zamu ya kufagia, imepita. Paka wa mwuza samaki kapotea, kapatikana kabla barua haijapoa. Watu wananiita Mkurugenzi. "Mkurugenzi, chungu hiki kinapika wali wa hudhurungi?" Vyote, mama, hata wali wa zambarau.

Leo kampuni ya dawa wamepima mlango wa duka la miavuli. Kwa futi! Nimewaona kutoka mezani kwangu. Bi Kitabatake kanipungia mkono, kisha kaushusha nusu.

Sasa ndiyo zamu yangu.

Ijumaa, 15 Desemba

Nimetuma. Sanae kaniandikia, mimi mwandiko wangu unatisha watu hata kwenye kompyuta. "Mimi Tokumaru naomba kwa unyenyekevu kutumia lililokuwa duka la miavuli. Mwenye neno aseme." Hilo la mwisho nimeliongeza mimi. Sanae kasema halijatulia. Nikasema ndivyo ninavyolitaka.

*Ting* mtaa mzima. Hakuna gunia, hakuna jirani!

Hadi jioni wote wamejibu. Najua kwa sababu kila anayepita mezani ananiambia, Mkurugenzi, nimeshajibu. Mama Urabe kajibu. Mwuza magodoro kajibu, kaongeza picha ya ua. Ogita kajibu! "Nimeona. Ogita." Ananipenda, anaogopa tu kusema.

Kabaki mwenyekiti. Yeye ndiye anafunga.

Jumatatu, 18 Desemba

Bado mwenyekiti.

Nimepita pale mara ngapi sijui. Kanipa kipande cha mwani nitafune. "Barua? Barua ipi? Sijaona barua."

Mtu hadanganyi hivyo akiwa anapima mwani. Mkono ungetikisika.

Jumatano, 20 Desemba

Nimemwomba Ogita aangalie. Kaangalia sekunde tu. Hakucheka, ndipo nikaogopa.

Sanduku la barua la mwenyekiti limejaa. Pomoni. Zile "Nimeona, asante" zote tangu mwanzo wa mwezi, mimi ndiye niliyezielekeza kwake — na mzee hajafuta hata moja. Barua yangu imefika mlangoni, imekuta hakuna pa kukaa. Seva inabisha hodi, inaondoka, inarudi kubisha. Kesho kutwa itachoka, itairudisha kwangu. Na chama kinafunga mwaka siku hiyohiyo.

Yaani nimeleta mashine ya kumaliza watu wanaokalia mambo. Mashine imekaa Hanazome karibu majuma matatu, imejifunza kukalia.

"Mwongezee nafasi," nimemwambia Ogita.

"Diski imefika mwisho, kaka. Afute."

"Futa wewe."

"Barua za Mwenyekiti?" Kashika kifua. "Nizifute mimi?"

Nimekwenda kwa mzee mwenyewe. Kanitazama kama nimemwambia amtupe mjukuu. "Toku, hizi ni salamu za watu. Wewe kadi ya mwaka mpya unaichana?"

Nikasema basi tutazisoma pamoja, moja moja, tuzishukuru, ndiyo tuzifute. Hapo kalainika. Ijumaa, kasema, baada ya chai.

Ijumaa, 22 Desemba

Naandika hapa hapa dukani kwake, juu ya kaunta, kati ya mafurushi ya mwani. Naandika haraka.

Tumeanza asubuhi. Kila "Nimeona" kaisoma kwa sauti, kainamisha kichwa kidogo kwenye skrini, kasema haya nenda salama, ndipo mimi nafuta. Ya mwuza mabuda tumeinama wote wawili. Mkwe wake kapita akatuona, karudi alikotoka.

Tumefika nusu, ikaja. *Ting.* Ya kwangu! Imepata pa kukaa. Mzee kavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza, kaisoma hadi "mwenye neno aseme". Kanimiminia chai.

Hapo ndipo nikaona birika limekalia nini.

Kipande cha mbao. Kibanio. Karatasi yangu ya masika, mihuri yote myekundu imejipanga, mmoja mmoja, mtaa mzima. Haikupungua hata mmoja ila wake. Juu yake duara za maji ya birika, nyingine juu ya nyingine, kama miti inavyohesabu umri.

Kaniona nimeona. Hakuutoa.

"Sauti yako inafika mbali, Toku," kasema. "Na ukuta kati yangu na miavuli ni mwembamba."

Ooh. Na mimi bafuni niliitikia asante!

Tumekunywa chai. Kisha kaanza kusugua kaunta na kidole. "Hiki kidude chako kizuri. Kinakimbia. Lakini hakina mahali pa jambo kupumzika. Mwakani kuna uchaguzi. Nasikia Urabe anataka kuandika barua. Sasa kwa mfano... mfano tu... barua isingeweza kuanza kukaa kwangu kidogo? Niitazame, halafu ndiyo iende kwa wengine?"

Inaweza. Ni kubonyeza alama moja. Niliiona siku ya kwanza kabisa, ukurasa wa juu.

"Ukiniwekea hilo," kasema, kagusa ubao kwa kucha, "muhuri si kazi. Sauti tutaizoea."

Nje Bi Kitabatake kapita na yule bwana wa kampuni ya dawa. Wana keki tena. Ukuta wangu ule pale, mwembamba, nauona. Mikono ya Sanae ikigeuza yangu. Na mfuko wa achari ya Mama Urabe bado haujaisha nyumbani. Bure kanipa. Mama Urabe!

Kidole kilikuwa kwenye kibodi. Nikasikia mdomo wangu unasema:

"Nitalifikiria, Mwenyekiti."

Hata yule mkwe nyuma kaacha kukata mwani.

Mzee kanitazama. Kanitazama. Kisha kacheka — sijawahi kuona magego yake, ana dhahabu huko ndani. "Aa! Toku! Sasa umekuwa mtu wa Hanazome!"

Kaliinua birika. Kauchukua ubao, kaufuta maji kwa mkono wa kimono, kaenda nao nyuma ya pazia, birika mkono wa pili.

Nimebaki na skrini. Barua yangu bado iko wazi.

Nasikia droo. Muhuri mkubwa unakaa kwenye droo, kila mtu anajua. Inafunguliwa. Inafungwa. Nyingine. Anavuta kitu, kizito. Bado sijasikia muhuri ukigonga.

Sasa nasikia maji. Anajaza birika —